Wanyama Wasiosalimia

Sinema ilipofika kijijini kwetu, kila mwenye miguu aliiona isipokuwa darasa la saba. Sisi tulikuwa shamba la ujamaa, tumeinama na visu, tunakata ulezi, kwa sababu Mwalimu Mkuu alisema taifa linatutegemea. Nilimuuliza kama taifa haliwezi kutusubiri hadi kesho. Akanipa na mstari wa mwenzangu nikate. Mdomo wangu umekuwa ukinitafutia kazi namna hiyo tangu nijue kusema.

Kutoka shambani tulisikia kila kitu na hatukuona chochote. Jenereta lilinguruma nje ya ghala la kijiji, ambalo lilikuwa bado tupu likingoja mahindi. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa magunia na mablanketi ili ndani kuwe na giza. Halafu vicheko vikaanza. Kijiji kizima kinacheka kwa pamoja, wewe umeinama unachomwa kisogo na jua la mchana, na ukisimama upepo wa Ufipa unakukata masikio. Mara vicheko vikakatika. Tukasikia watu wanagomba. Tukaacha visu tukatazamana.

"Wamezima mashine," akasema mmoja.

"Au pazia limewaka moto," akasema mwingine, kwa matumaini.

Mimi nilikuwa nawaza kesho. Bwana Sinema, yaani yule ofisa aliyekuja na gari, alikuwa ameahidi kuonyesha mara mbili: leo kwa waliopo kijijini, kesho kwetu sisi wa shambani, halafu aende zake Matai. Ahadi hiyo ndiyo iliyokuwa imenishikisha kisu tangu asubuhi.

Niliporudi nyumbani nilimkuta mdogo wangu, wa darasa la pili, anabingirika uani kwenye vumbi.

"Ulionyeshwa nini?"

"Kwanza watu wanachimba choo. Halafu mbolea. Halafu wanyama."

"Wanyama gani?"

"Wa kuchorwa. Wanakimbia! Yule mdogo akaanguka kutoka mlimani, akawa bapa kama chapati, akaamka!"

"Yule mdogo ni mnyama gani?"

Akafikiri. "Mbwa. Hapana, panya. Ana shati."

"Kwa nini alikuwa anakimbia?"

"Sijui. Ilianza wakiwa tayari wanakimbia."

Nikamuuliza inaishaje, akasema haikuisha, wazee waligomba. Kisha akaanguka tena chini akajilaza awe bapa. Nikajua nikimtegemea huyu kuniambia sinema, nitaishi maisha yangu yote na panya mwenye shati.

Bibi alikuwa jikoni anasonga ugali. Bibi ndiye aliyetulea, na ndiye anayetusimulia hadithi, kwa hiyo nilitegemea kupata habari kamili. Nilichuchumaa, nikapiga makofi yangu taratibu kama inavyotakiwa, nikamwamkia, ndipo nikauliza.

"Sinema ya uongo," akasema, mwiko haukusimama. "Wana sungura mle. Sungura anadanganywa na bata! Umesikia wapi? Nimekusimulia sungura tangu uko mgongoni, amewahi kudanganywa na bata?"

"Hapana, Bibi."

"Hawamjui sungura. Wangekuja kuuliza kwanza."

"Lakini watu walicheka, Bibi. Tulisikia."

"Tulicheka. Mtu akianguka si unacheka? Hiyo si kusema ni nzuri." Akageuza ugali. "Na hawasalimii. Kale kadogo kametoka nje kamempita bibi yake mlangoni kama anayepita kigingi cha mbuzi. Hapo ndipo watu walipokasirika. Mwenyekiti amesema basi. Kesho asubuhi mkutano, watu watoe maoni. Wakikataa, gari liondoke."

Nikasahau hata kukaa. "Na sisi je?"

"Ninyi mtakuwa mmenusurika."

Sikutaka kunusurika. Sijui kama nitaeleza vizuri. Si kwamba nilikuwa nakufa kwa ajili ya panya. Lakini kijiji kizima sasa kilikuwa na maoni. Bibi alikuwa na maoni. Mdogo wangu, ambaye hajui hata kufunga vifungo vya shati lake sawasawa, alikuwa na maoni. Mimi, ambaye nina maoni juu ya kila kitu, hata juu ya namna Mwalimu Mkuu anavyopiga chafya, nilikuwa sina. Nikaapa palepale jikoni: nitaiona hiyo sinema, kwa macho yangu, hata kama ni mbaya.

Jioni ile, jua likiwa bado halijazama, nikazunguka kijiji kuwasikiliza wapinzani. Ukitaka kumshinda mtu mkutanoni, ujue kwanza atasema nini.

Katekista nilimkuta anafagia mbele ya kanisa. Yeye tatizo lake halikuwa salamu tu.

"Mnyama ameanguka mlimani. Amekufa, tumemwona. Halafu ameamka anacheka. Nani amemfufua?"

"Aliyemchora, Mwalimu wa dini."

"Unaona? Majibu kama hayo ndiyo yataongezeka."

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa kwake, amekaa juu ya kinu kilicholazwa. Yeye aliisoma sinema kisiasa. Kuna dubu mle ndani, akaniambia, ana ghala la asali peke yake, hagawi, anafunga kwa kufuli. Huyo ni mnyonyaji. Na mwisho wa yote, hata pale ilipozimwa, alikuwa bado hajakamatwa.

"Labda anakamatwa mbele, Ndugu Mwenyekiti. Mmezima kabla."

"Sinema nzuri humkamata mapema," akasema. Kisha akashusha sauti. "Lakini hilo ningelivumilia. Jioni hii mwanangu amenipita hapa hapa nilipokaa. Kimya. Nikamwita, nikamuuliza salamu iko wapi. Unajua alinijibu nini? 'Baba, nacheza sinema.'"

Hapo nikaona kazi ninayo. Maana mtoto wa Mwenyekiti akishampita baba yake bila salamu, huwezi kumwambia Mwenyekiti kwamba wanyama wale hawana madhara.

Aliyeniokoa hakujua kwamba ananiokoa. Barabarani palisimama lori la mfanyabiashara mmoja wa Sumbawanga mjini, mwenye kofia ya kufuma, aliyekuja kupakia maharage. Utingo wake alikuwa anafunga turubai. Mfanyabiashara huyo alikuwa ametembea. Alishafika Unguja kwa shemeji yake, na kule akaiona televisheni.

"Shikamoo, Mzee. Eti sinema hii imetoka kwenye televisheni?"

"Marahaba. Ndivyo anavyosema yule bwana wa gari. Huko ilikotengenezwa, wanyama hao wamo kwenye televisheni. Sanduku hivi," akapima kwa mikono, "lina kioo. Jioni watoto wanakaa mbele yake, wanyama wanatoka, wanafanya vituko vyao kidogo, basi. Kesho tena. Kesho kutwa tena. Watoto wa huko wanawajua kama majirani. Ndipo wakawatengenezea sinema ndefu."

"Kwa hiyo anayeiona sinema ameshawaona tangu zamani?"

"Tangu zamani. Ninyi ndio mnakutana nao leo."

"Na kwenye sanduku huwa wanasalimiana?"

Akakuna kichwa. "Mjukuu wangu, sikumbuki. Nilikuwa naangalia sanduku lenyewe. Wanyama sikuwaangalia."

Nilirudi nyumbani nikiwa karibu nakimbia.

Mkutano ulikuwa nje ya ghala, jua likiwa limeanza kupasha migongo. Bwana Sinema alikuwepo, na ukimtazama ungemwonea huruma. Alikuwa mtu wa pwani. Alikuwa amevaa koti, juu ya koti blanketi, na shingoni taulo. Jana yake alikuwa akieleza sinema kwa kipaza sauti, maana lugha ya sinema hiyo hatuijui, na sasa sauti ilikuwa imebaki mkwaruzo tu.

"Mimi natakiwa kupeleka maoni ya watazamaji," akakwaruza. "Semeni mlivyoona. Msiogope."

Hakuna aliyekuwa anaogopa. Mtu mmoja akasema bata ana kelele. Mama mmoja akasema yule mama wa mnyama mdogo anapika na hatumwoni akiteka maji, maji anapata wapi? Mwingine akasema yeye aliipenda, ila alitaka kujua kwa nini dubu anamchukia sungura, wamegombana lini, mbona hakuna aliyeeleza. Katekista akasema yake. Bibi yangu akasimama akamtetea sungura kwa ukali kama anayemtetea ndugu yake mahakamani. Lakini kila maneno yalipokwenda, yalirudi kwenye salamu. Wazee wakatikisa vichwa. Mwenyekiti akasema habari ya mwanawe, watu wakaguna.

Mimi nilikuwa nyuma ya Bibi. Watoto hawasemi mkutanoni. Nilimvuta kanga.

"Bibi, niombee nafasi."

"Kaa."

Nikamvuta tena. Nikamvuta tena. Mwishowe akanyanyua mkono kwa hasira. "Ndugu Mwenyekiti, mjukuu wangu ana neno. Mpeni nafasi aseme, msipompa atanisumbua mimi nyumbani mpaka msimu wa kulima."

Watu wakacheka, na Mwenyekiti akacheka bila kutaka. "Haya. Lakini ole wako ulete mzaha."

Nilitoka mbele, nikachuchumaa, nikapiga makofi. "Shikamooni wazee wangu."

"Marahaba," wakajibu, na nikaona nyuso zikilainika. Kumbe salamu inafanya kazi kweli.

"Ndugu Mwenyekiti, naomba kuuliza. Asubuhi nikikuamkia, halafu mchana tukakutana kisimani, nikuamkie tena?"

"Ya nini? Tumeshaamkiana."

"Na jioni tukikutana tena?"

"Hapo utakuwa unanichokoza."

"Basi wale wanyama, Mzee, wanaonekana kwenye televisheni siku zote. Sinema hii tuliyoletewa si asubuhi yao. Ni mchana wao. Ilianza wakiwa tayari wanakimbia, hata mdogo wangu ameliona hilo. Salamu zao walishazimaliza huko mwanzo, kwenye vipande ambavyo sisi hatukuletewa. Na ugomvi wa dubu na sungura uko hukohuko. Sisi tumefika mchana, tunawalaumu kwamba hawajaamkiana."

Bwana Sinema alijifunika mdomo kwa taulo, sijui alikuwa anakohoa au anacheka. Mimi mwenyewe sikuwa na hakika hata kidogo. Huenda wanyama wale hawajamwamkia mtu tangu siku walipochorwa. Lakini nilisimama nimenyooka kama aliyewaona kwa macho.

Mzee mmoja akasema polepole, "Mtoto ana hoja."

"Hana," akasema Katekista. "Hata kama wameamkiana wao kwa wao, sisi je? Wameingia ghalani kwetu. Mgeni ndiye anayebisha hodi."

"Hapo kweli," wakasema wengine, na nikaona sinema yangu inaondoka kwenda Matai.

Nikasema kwa haraka, kabla sijafikiri, "Basi waamkie! Si kuna kipaza sauti? Salamu zikisemwa kwenye kipaza sauti, zimesemwa."

Mwenyekiti akamgeukia Bwana Sinema. "Inawezekana?"

"Filamu imeshatengenezwa, Ndugu. Siwezi kuongeza kitu ndani yake."

"Hatukuambii uongeze ndani. Nje. Kila mdogo akikutana na mkubwa, salamu isikike."

"Kwa sauti ipi?" akakwaruza Bwana Sinema. "Yangu imeliwa na baridi yenu."

Watu wote walikuwa wameshageuka kunitazama mimi.

Hivyo ndivyo nilivyoingia ghalani mchana ule. Wenzangu wa darasa la saba walikaa chini kwenye sakafu, wazee wakakaa nyuma ili kuhakikisha, na mimi nikasimamishwa kando ya mashine na kipaza sauti kizito mkononi. Amri ilikuwa moja: salamu ikikosekana, Mwenyekiti atanyanyua mkono na mashine itazimwa.

Choo kikapita. Mbolea ikapita. Wanyama wakatoka.

Kwa kweli sikuwa nimefikiria tatizo moja: nani mkubwa? Nilikuwa naiona kwa mara ya kwanza. Karibu wote walikuwa wa kimo kimoja. Dubu alikuwa na sauti nzito lakini amevaa kaptula. Sungura alikuwa na sauti nyembamba lakini ana miwani. Wakakutana, nami nikafumba macho nikabahatisha.

"Shikamoo, Mzee Sungura!" nikasema kwa sauti nzito ya dubu. "Marahaba, mwanangu."

Ghala likalipuka. "Dubu ndiye mkubwa!"

"Sungura ana miwani!"

"Miwani ni macho mabovu, si umri!"

"Shikamoo, Mzee Dubu," nikarekebisha. "Samahani, sikukuona vizuri."

Wakaridhika. Yule mdogo mwenye shati, ambaye hadi leo sijui ni mnyama gani, akatoka nyumbani, na bibi yake yuko mlangoni. Nikawahi. "Shikamoo, Bibi, nakwenda kuteka maji." Nyuma nikasikia makofi ya taratibu, wazee wanapokea. Mama aliyeuliza habari za maji akasema, "Afadhali."

Ikaja sehemu ya kukimbizana. Hapo nilitaabika. Wanazunguka mti, wanapitana, huyu anatokea huku, yule kule, nami "shikamoo, marahaba, shikamoo, marahaba," hadi ulimi ukawa kama umefungwa uzi. Wenzangu walikuwa wanagaagaa sakafuni kwa kicheko. Bata nilimnyima salamu makusudi, na hakuna aliyemdai.

Halafu mambo yakabadilika. Yule mdogo akateleza akaingia mtoni, maji yakamchukua. Dubu akawa ng'ambo, amelishika tawi, na ghala lake la asali nyuma yake liko wazi, akilinyoosha tawi anaacha asali, akilinda asali anamwacha mtoto. Na bibi wa yule mdogo akatokea juu ya jiwe anaita. Mdogo akamkuta bibi, uso kwa uso, maji yakimpitisha. Mkubwa na mdogo wamekutana. Nikainua kipaza sauti.

"Shika—"

"Wewe msichana, nyamaza!" sauti ikapaa kutoka nyuma. "Tunaangalia!"

Alikuwa Mwenyekiti. Alikuwa amesimama, mikono yote miwili kichwani.

Nikashusha kipaza sauti. Na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi ya jana yake, nikaitazama sinema. Sikuwa na salamu ya kutoa, wala hoja ya kutetea. Maji yalikuwa ya buluu ambayo sijawahi kuiona mtoni kwetu. Niliona kwamba aliyeyachora alikuwa amechoka, mawimbi ni yaleyale yanarudi na kurudi. Niliona pia kwamba bibi wa yule mnyama, kila akiita, sikio lake moja linatetemeka, na hilo hakuna mtu aliyekuwa ameniambia, si mdogo wangu, si Bibi, wala Katekista. Nililiona mimi.

Dubu akalinyoosha tawi. Asali ikaibiwa yote na bata. Mdogo akaokolewa. Ikaisha, na hawakuagana.

Hakuna aliyegomba. Wazee walitoka nje wakiwa wanabishana juu ya dubu. Mwenyekiti alikuwa anasema kwamba mnyonyaji akielimishwa anaweza kubadilika, na sura yake ilikuwa ya mtu aliyelisema hilo tangu mwanzo.

Bwana Sinema alianza kukunja waya. Akaniita. "Nipe maoni yako. Nimeandika ya kila mtu, yako sina. Umeionaje?"

Nikafikiri vizuri. Nilitaka kusema ukweli, maana nilikuwa nimeufanyia kazi.

"Mbaya kidogo," nikasema.

Akaacha waya. "Mbaya? Umesimama mbele ya mkutano mzima, umekausha koo, unasema mbaya?"

"Nyimbo ni ndefu. Mawimbi yanarudiwa. Bata hachekeshi. Ila yule bibi amechorwa vizuri, hasa sikio."

"Sikio gani?"

"La kulia. Linatetemeka akiita. Wewe unaonyesha kila siku, hujaliona?"

Alivuta taulo shingoni, akatazama pazia jeupe lililokuwa halina kitu. "Na kama ungejua ni mbaya, ungejisumbua vyote hivi?"

"Ningejuaje bila kuiona?"

Gari lake halikutaka kuwaka, baridi ilikuwa imeingia hadi kwenye betri. Darasa la saba tukaitwa kusukuma. Tulisukuma hadi barabara ya Matai, na njia nzima tulikuwa tunabishana. Mmoja akasema dubu angemwacha mtoto kama bibi asingetokea. Mwingine akasema bata ndiye mwenye akili kuliko wote. Nikamwambia hajaona kitu, akaniambia mimi ndiye sijaona kitu kwa sababu nilikuwa naongea muda wote. Nikamwachia gari asukume peke yake upande wake, nikamzunguka kwa mbele ili anisikie vizuri, nikaanza kumweleza tangu mwanzo.